Mponde: Jani la Chai Halisubiri Hukumu

Kiwanda cha Chai Mponde, kilichopo Bumbuli wilayani Lushoto, kilifungwa Mei 2013. Hakikufungwa na ukame, wala mashine mbovu, wala dunia kuacha kunywa chai. Kilifungwa na mgogoro. Wakulima na waliokuwa wakikiendesha hawakuelewana tena juu ya bei, juu ya malipo, na juu ya swali gumu kuliko yote: kiwanda hiki ni cha nani? Miaka ikapita milango ikiwa imefungwa. Mashamba yaliyokuwa yakipogolewa na kuchumwa kila wiki yakageuka msitu wa michai mirefu isiyofikika kwa mkono, na familia zilizosomesha watoto kwa jani la chai zikaanza upya kwa viazi, maharage na vibarua vya mjini.

Chai katika Usambara ina zaidi ya karne moja. Wajerumani waliipanda katika kituo chao cha utafiti cha Amani mwanzoni mwa miaka ya 1900. Mponde ni ya baadaye. Serikali ilikijenga kiwanda hiki mwanzoni mwa miaka ya 1970 ili wakulima wadogo wa milima hii wapate pa kupeleka majani yao. Mwaka 1999, katika wimbi la ubinafsishaji, kikakabidhiwa chama cha wakulima wa chai Usambara, UTEGA, ambacho kiliingia ubia na kampuni ya Lushoto Tea. Baada ya kufungwa mwaka 2013, ilichukua hadi mwaka 2016 kwa Serikali kukirejesha mikononi mwake kupitia Msajili wa Hazina. Baadaye wakaingia wawekezaji wa umma, mfuko wa pensheni wa PSSSF na mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, WCF, chini ya kampuni ya Mponde Holding. Mashine zikaja kuwashwa tena katika miaka hii ya 2020.

Mengi yaliyosemwa kuhusu Mponde yalihusu watu: nani alikosea, nani alimwonea nani, mwanasiasa gani alisimama upande upi. Mimi nataka kuzungumzia karatasi, kwa sababu watu hubadilika na wamiliki hubadilika, lakini mkulima wa Mponde bado anasimama mbele ya mnunuzi mmoja akiwa na jani lile lile lisilosubiri. Wengi wetu tukisikia neno sheria tunafikiria mahakama, jaji na hukumu. Katika biashara ya kuuziana bidhaa, sheria inayofika wakati wa mahakama imekwishachelewa. Kazi yake kubwa huifanya kabla, siku ile pande mbili zinapokaa kukubaliana nani atafanya nini, lini, na kitatokea nini asipofanya. Na kwa chai, neno lenye uzito katika mkataba ni hilo la "lini".

Jani la chai likishachumwa, saa inaanza kuhesabu. Majani mawili na chipukizi lake yakishindiliwa kwenye mfuko hupata joto, yakabadilika rangi na kuanza kuchacha kabla ya kufika kiwandani. Yanatakiwa yaingie kwenye vitanda vya kunyausha siku hiyo hiyo, na kila saa inayopotea barabarani inapunguza ubora. Korosho inaweza kulala ghalani ikisubiri mnada. Kahawa kavu pia. Ndiyo maana Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya mwaka 2005 iliweza kuwapa wakulima wa mazao hayo nafasi ya kusubiri bei. Jani bichi la chai haliwekwi ghalani.

Sasa tazama sheria yetu ya jumla ya kuuziana bidhaa inamlinda vipi muuzaji. Inampa muuzaji ambaye hajalipwa haki ya kuishikilia bidhaa yake mpaka alipwe. Ni haki nzuri kwa mwenye duka la mabati au saruji. Mkulima wa Baga au Tamota akiishikilia chai yake mpaka alipwe, kesho yake ameshika takataka. Haki ipo kitabuni, ila mikononi mwake haina kazi. Sheria hiyo hiyo inasema kwamba muda wa kulipa hauhesabiwi kuwa sharti la msingi la mkataba wa mauzo, isipokuwa kama mkataba wenyewe unaonyesha vingine. Kwa lugha nyepesi, mnunuzi akichelewa kulipa, muuzaji anaweza kumdai, lakini hawezi kwa sababu hiyo pekee kusema mkataba umevunjika na kujitoa. Ukikaa kimya katika mkataba kuhusu tarehe ya malipo, sheria itajaza ukimya huo, na itaujaza kwa namna isiyomfaa mtu wa chai.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema Mponde ilihitaji sheria kali zaidi. Sheria ya Chai ya mwaka 1997 ilikuwepo. Bodi ya Chai ilikuwepo. Wakala wa kuendeleza wakulima wadogo wa chai aliundwa na sheria hiyo hiyo. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, ilikuwepo tangu 1961. Mahali penye upungufu ni pale chini kabisa, katika masharti kati ya mkulima na kiwanda, ambayo Bunge halikuwaandikia kwa sababu si kazi ya Bunge kuandika tarehe ya malipo ya kila mtu.

Twende kwenye kituo cha kupimia majani, maana mkataba wa chai unaishi pale kuliko ulipo kwenye jalada la ofisi. Mama amechuma tangu alfajiri, amebeba mzigo kichwani kushuka bonde na kupanda kilima, ameufikisha bandani. Karani anautundika kwenye mizani. Anasoma namba, anatoa uzito wa mfuko, na kama mvua imenyesha anatoa kilo nyingine kwa ajili ya maji. Anaandika. Mama anapewa kikaratasi. Katika dakika hizo mbili yamefanyika maamuzi manne yenye uzito wa kisheria: mizani imehakikiwa na nani, makato ya unyevu yanakokotolewaje, ubora wa jani umeamuliwa na nani, na kikaratasi kile ni ushahidi wa nini hasa.

La kwanza lina jibu. Wakala wa Vipimo ndiye anayehakiki mizani ya biashara na kuiwekea alama, na mkulima ana haki ya kuiona alama hiyo. La pili, katika sehemu nyingi zinazonunua mazao mabichi, linaachwa kwa jicho la karani. Kilo moja leo, mbili kesho. Mkataba unapaswa kusema kiwango, kwa mfano asilimia isiyozidi kiasi fulani siku ya mvua na sifuri siku ya jua, na kwamba makato yoyote yaandikwe kwenye stakabadhi kando ya uzito kamili. Mkulima akiona namba zote mbili anaweza kubisha siku hiyo hiyo. Akiona moja tu, anabaki na manung'uniko, na manung'uniko ya watu wengi yakikusanywa kwa miaka ndiyo yanayofunga milango ya viwanda.

Kuna jambo lingine la kituoni ambalo sioni likizungumzwa, nalo linanisumbua sana. Lori lisipokuja je? Barabara za Bumbuli wakati wa masika zinajulikana. Udongo mwekundu ukilowa, lori linaweza kukwama njiani mpaka usiku. Jani limechumwa kwa ratiba ya kiwanda, limefika bandani, linachacha. Hasara ya nani? Kanuni ya kawaida ya sheria ya mauzo ni kwamba hasara humwangukia mwenye mali wakati hasara inatokea, na bidhaa inayouzwa kwa uzito kwa kawaida haihami kuwa mali ya mnunuzi kabla haijapimwa. Karani huja na lori. Kwa hiyo jani lililoharibika likisubiri lori ni hasara ya mkulima, hata kama lori ni la kiwanda na siku ya kuchuma ilipangwa na kiwanda. Si haki, lakini ndivyo ilivyo pande zote mbili zisipoandika vingine. Na kuandika vingine si kazi kubwa. Sentensi moja inatosha: jani lililofikishwa kituoni kabla ya saa fulani katika siku ya ratiba ni la kiwanda, lori lifike lisifike. Sentensi hiyo pekee ingekisukuma kiwanda kutafuta lori la akiba na hata kuikumbusha halmashauri kuhusu barabara, kwa sababu sasa tope linamgharimu mtu mwenye sauti.

Watu huuliza kama makubaliano ya mdomo ni mkataba. Ni mkataba. Kifungu cha 10 cha Sheria ya Mikataba kinataka hiari ya pande zote, uwezo wa kisheria wa kuingia mkataba, malipo halali na lengo halali; hakidai karatasi. Lakini sheria ya mauzo ya bidhaa, ambayo ni ya enzi za ukoloni, ina sharti kwamba mauzo ya thamani ya shilingi 200 au zaidi hayadaiki mahakamani isipokuwa kuna maandishi, au mnunuzi amepokea bidhaa, au amelipa sehemu. Shilingi 200 zilikuwa pesa nyingi wakati ule. Leo bei elekezi ya kilo moja tu ya majani mabichi imekwishavuka kiasi hicho. Maana yake kwa vitendo ni hii: kwa majani yaliyokwisha pokelewa, mkulima yuko salama, kwa sababu kiwanda kimeyachukua. Lakini ahadi ya mdomo ya kesho, kwamba "chumeni tu, tutanunua yote", au kwamba kutakuwa na malipo ya pili mwisho wa msimu, ni rahisi kukataliwa. Ahadi za kesho ndizo mkulima anazopandia chai, maana mchai haung'olewi na kupandwa upya kila msimu.

Bei nayo inahitaji kusemwa ukweli. Wapo wanaoamini kwamba mahakama inaweza kuufuta mkataba kwa sababu bei yake ni ndogo. Hapana. Sheria yetu inasema wazi kuwa malipo kidogo peke yake hayabatilishi makubaliano yaliyoingiwa kwa hiari. Udogo wa bei unaweza tu kuangaliwa kama dalili kwamba hiari haikuwepo. Na kuthibitisha kwamba mnunuzi alitumia nguvu ya nafasi yake kukushinikiza ni kazi nzito kwa mtu mmoja mwenye nusu ekari. Mwaka 2017 Bunge letu lilitunga sheria ya kupitia upya masharti hasi katika mikataba ya rasilimali na maliasili za nchi, kwa sababu taifa zima liliona limefungwa na mikataba mibaya ya madini. Nililiunga mkono lengo lile. Ila ningependa tujiulize: kama nchi nzima yenye wanasheria wake ilihitaji kinga dhidi ya upande wenye nguvu katika meza ya mazungumzo, mchuma chai wa Mponde mwenye mnunuzi mmoja anahitaji nini?

Wenzetu wamejibu kwa njia tofauti. Kenya, katika Sheria ya Chai ya mwaka 2020, iliingiza muda wa malipo ndani ya sheria yenyewe, kwamba kiwanda cha wakulima wadogo kiwalipe angalau nusu kila mwezi na salio ndani ya mwaka huo wa fedha. Umoja wa Ulaya mwaka 2019 ulipitisha mwongozo unaomtaka mnunuzi mkubwa amlipe muuzaji wa mazao yanayoharibika haraka ndani ya siku 30, na unaompa muuzaji haki ya kudai makubaliano yao yathibitishwe kwa maandishi. Ulaya yenye mahakama imara na wakulima wenye matrekta iliona kwamba uhuru wa kukubaliana hautoshi pale bidhaa inapooza na mnunuzi akawa mkubwa. Sisi tuna bei elekezi, nayo inasaidia, lakini bei bila tarehe ni nusu ya ahadi. Shilingi zilezile zikilipwa baada ya miezi mitano si shilingi zilezile, muulize aliyekopa mbolea.

Nije kwenye umiliki, kidonda kikubwa cha Mponde. Wakulima walikijua kiwanda kama chao. Kilijengwa kwa ajili yao, na kilibinafsishwa kwa jina la chama chao. Sheria ya makampuni haiangalii moyo. Inaangalia daftari la hisa. Kampuni ni mtu tofauti na wanachama wake, na chama kikiingia ubia na kampuni nyingine, mkulima aliye chini ya chama anabaki hatua mbili au tatu mbali na meza ya maamuzi. Anaweza kuwa mwanachama halali, mwenye kadi na ada iliyolipwa, na bado asiwe na kifungu kimoja kinachomruhusu kuona hesabu za kiwanda. Hilo si kosa la mtu. Ndivyo vyombo hivi vinavyofanya kazi. Dawa yake ni kuandika katika mkataba wa kuuza majani haki ambazo hazitegemei umiliki: kupata taarifa ya bei ya chai iliyouzwa mnadani, iwe Mombasa au Dar es Salaam ambako mnada ulianza Novemba 2023, kupewa hesabu ya jinsi bei hiyo ilivyogeuka kuwa bei ya jani bichi, na kukagua mizani wakati wowote. Kilo moja ya chai kavu hutoka katika kilo nne hadi tano za majani mabichi. Mkulima akijua namba hiyo na bei ya mnada, anaweza kukokotoa mwenyewe, na mazungumzo ya bei yanakuwa ya watu wanaoelewana.

Kiwanda pia kina haki zake, na nisingependa nieleweke vibaya. Kinachotoa mbolea kwa mkopo kina haki ya kupata majani ya shamba lile, na anayeuza pembeni baada ya kuchukua mbolea anavunja mkataba kama anayechelewesha malipo. Kiwanda kikikosa majani, boila inawashwa bure, kuni zinaungua, na vibarua wanalipwa wakikaa. Kinahitaji pia mikataba thabiti na wanaokiletea kuni na wenye malori. Lakini kiwanda kina mwanasheria na mhasibu, na kinaweza kusubiri. Anayeandika mkataba ajiulize kwanza nani hawezi kusubiri, na amlinde huyo.

Kisha kuna mgogoro wenyewe. Mponde ilionyesha kwamba kugombana kunaweza kuwa halali kabisa na bado kukaua chanzo cha riziki cha pande zote. Hakukuwa na utaratibu wa kuendelea kunyausha na kusaga majani huku watu wakibishana. Mkataba wa leo uweke ngazi: ubishi wa uzito na makato umalizwe ndani ya siku mbili na karani, mwakilishi wa chama cha ushirika cha wakulima, AMCOS, na mtu wa tatu waliyekubaliana, ubishi wa malipo uende kwa msuluhishi ndani ya mwezi, na Sheria ya Usuluhishi ya mwaka 2020 inatoa nafasi hiyo. Ubishi wa umiliki uende mahakamani uchukue miaka yake, lakini kiwanda kisifungwe. Pande ziteue mapema msimamizi wa muda, na fedha za mauzo ziingie katika akaunti ambayo hakuna upande unaoweza kuzitoa peke yake. Majani yachumwe, wachumaji walipwe.

Ngazi hizi zina umuhimu zaidi sasa. Anayetaka kuishtaki Serikali anatakiwa atoe notisi ya siku 90 kwanza, na marekebisho ya mwaka 2020 yaliingiza taasisi na mashirika ya umma katika utaratibu huo. Kwa kuwa nyuma ya Mponde ya leo ipo mifuko ya umma, mkulima atarajie hoja hiyo kuinuliwa siku akienda kudai. Siku 90 ni msimu mzima wa mvua. Utaratibu wa ndani ya mkataba ndio mlango wake wa karibu.

Na mkataba huo uandikwe kwa Kiswahili. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama zetu, hivyo kisingizio cha zamani kimekwisha. Usomwe kwa sauti kwenye mkutano wa kijiji, wazee waulize kwa Kishambaa, wajibiwe, halafu ndipo watu watie saini au dole gumba.

Madai ya mkataba kwa sheria yetu yanafikia ukomo baada ya miaka 6. Mkulima yeyote aliyekuwa na dai la majani aliyopeleka Mponde Mei 2013, bila maandishi ya kulikiri deni wala malipo ya sehemu yaliyofuata, haki yake ya kwenda mahakamani iliisha Mei 2019, kiwanda kikiwa bado kimefungwa. Kwa hiyo ombi langu kwa viongozi wa AMCOS za Bumbuli ni moja: kabla ya masika yajayo, iombeni Mponde Holding ikae nanyi mbele ya ofisa wa Bodi ya Chai, na msiondoke mezani kabla tarehe ya malipo, kiwango cha makato na hasara ya lori lisilofika havijaandikwa. Na wewe mkulima, stakabadhi ya leo usiiache kwenye mfuko wa gauni. Iweke mahali pakavu, pamoja na hati ya shamba.